Kivu: Mkulima mdogo anavuna, lakini mavuno yanaishia njiani

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, udongo haujakataa kuzaa. Kwenye milima ya Kivu maharagi yanapandwa mara mbili kwa mwaka, na katika mabonde yenye maji watu wanalima hata wakati wa kiangazi. Pamoja na hayo, tathmini ya usalama wa chakula, IPC, iliyotangazwa Machi 2025 ilionyesha kwamba watu milioni 27.7 nchini walikuwa katika njaa kali kati ya Januari na Juni mwaka huo. Zaidi ya milioni 10 kati yao walikuwa katika majimbo manne ya mashariki: Ituri, Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Tanganyika.

Wengi wa watu hao ni wakulima. Wao ndio wanaolisha Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, na wao ndio wanaolala bila kula. Ili kuelewa jambo hilo, inatosha kufuata gunia moja la maharagi tangu linapopandwa hadi linapofika sokoni. Kila mahali linapopita, kuna mtu anayechukua fungu lake kabla ya yule aliyeshika jembe.

Shamba ambalo si lake

Hasara ya kwanza inaanza kabla ya mbegu kuingia ardhini. Katika wilaya za Kabare na Walungu, Kivu Kusini, familia nyingi zinalima eneo lililo chini ya hekta moja. Shamba la babu liligawanywa kati ya watoto wake, kisha kati ya wajukuu, na kilichobaki kwa wengi ni vipande vidogo vilivyotawanyika juu ya mlima.

Wasio na kipande cha kutosha wanakodi. Kwa desturi ya Bushi, kuna kalinzi, haki ya kudumu juu ya ardhi ambayo familia inaipata kwa kutoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami au kwa mkuu wa eneo, na watoto wanairithi. Na kuna bwasa, ambayo ni kukodi kwa muda tu. Mwenye bwasa analima maharagi, mihogo au viazi vitamu, lakini haruhusiwi kupanda migomba, kahawa wala miti, kwa sababu mti unaoishi miaka mingi unaweza kumpa haki ambayo mwenye shamba hataki kumpa.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Mtu ambaye hajui kama mwaka ujao atakuwa bado kwenye shamba hilo hawezi kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, wala kubeba samadi kwa mgongo kupandisha mlimani. Akifanya hivyo na mavuno yakawa mazuri, mwenye shamba anaweza kulichukua tena au kuongeza bei. Udongo unachoka, na lawama inamwendea mkulima kwamba hajui kulima.

Huko Masisi, Kivu Kaskazini, hali ina sura nyingine. Mashamba makubwa ya malisho, ambayo mengi yana asili katika ukoloni, yanachukua milima mizima. Kilichoyahamisha kwa wenyewe wapya ni siasa ya Novemba 30, 1973, wakati Rais Mobutu alipotangaza kuwanyang'anya wageni mashamba na biashara zao na kuzikabidhi kwa Wazairwa. Wengi waliofaidika walikuwa watu wenye vyeo. Mkulima wa kijijini alibaki kuomba pembe ya shamba la bwana mkubwa na kuilipa kwa pesa, kwa mazao au kwa siku za kazi.

Sheria nayo haijamlinda. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais ingekuja kufafanua haki zao. Miaka zaidi ya 40 ilipita bila amri hiyo kutolewa. Katika pengo hilo, mwenye pesa na marafiki mjini anaweza kupata cheti kwenye ofisi ya ardhi juu ya mlima ambao familia nyingi zinaulima tangu enzi za mababu, nao wakaja kujua siku wanapofukuzwa.

Wanawake wanabeba mzigo mara mbili. Wao ndio wanaopanda, wanaopalilia, wanaovuna na wanaobeba. Sheria ya familia iliyorekebishwa Julai 2016 iliondoa ulazima wa mke kuomba ruhusa ya mume katika mambo ya kisheria. Lakini kijijini, mjane bado anaweza kuambiwa na ndugu wa marehemu kwamba shamba ni la ukoo, aondoke.

Msimu hausubiri vita viishe

Kalenda ya mkulima wa Kivu ni fupi na haina huruma. Msimu A unaanza na mvua za Septemba na kuvunwa kuelekea Januari. Msimu B unaanza Februari na kuishia Juni. Msimu C ni wa mabondeni, wakati wa kiangazi. Anayekosa majuma mawili ya kupanda, mara nyingi amekosa msimu mzima.

Waasi wa AFC/M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, wakati maharagi ya msimu A yalipokuwa yanavunwa au kuanikwa. Waliingia Bukavu katikati ya Februari, wakati wa kupanda msimu B. Kwa hiyo familia nyingi zilipoteza mavuno ya msimu mmoja na mbegu za unaofuata ndani ya majuma machache.

Mbegu ndiyo siri ambayo watu wa mjini hawaioni. Mkulima mdogo hanunui mbegu dukani kila mwaka. Anatenga sehemu ya mavuno, anaikausha na kuiweka juu ya moto wa jikoni ili moshi ufukuze wadudu. Familia ikikimbia, akiba hiyo inaliwa njiani, inaporwa au inaoza. Wakirudi, wana mikono na wana shamba, lakini hawana cha kupanda.

Ndivyo ilivyokuwa kwa waliorudi vijijini baada ya kambi za wakimbizi wa ndani kando ya Goma kuvunjwa Februari 2025. Baadhi walikuwa wamekaa huko tangu 2022, wakati mapigano yalipofika Rutshuru na Kibumba, eneo ambalo limezoea kulisha Goma kabichi, karoti, viazi na vitunguu. Walikuta magugu yenye urefu wa mtu, nyumba zilizobomolewa, na mahali pengine watu wengine wakilima shamba lao.

Kaskazini zaidi, huko Beni na Irumu, tatizo ni kufika shambani. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewafanya wakulima waogope kulala mashambani, na mara nyingine hata kwenda mchana. Wanalima vipande vilivyo karibu na barabara na kambi za jeshi, huku mashamba ya mbali yakirudi kuwa pori.

Mnyauko wa migomba na mvua zilizobadilika

Palipo na amani kidogo, kuna adui asiye na bunduki. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulionekana Masisi, kisha ukasambaa Kivu Kaskazini na Kusini. Majani yanageuka ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zimeoza. Kwa familia ya Bushi au ya Masisi, mgomba ni chakula, ni kasiksi ya kuuza, ni karo ya shule na ni kivuli cha maharagi. Ukifa, nyumba nzima inayumba.

Ushauri wa kwanza uliotolewa kwa wakulima ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Kwa mtu mwenye jembe moja na robo ya hekta, huo ulikuwa ushauri wa kumwacha bila ndizi kwa zaidi ya mwaka. Wengi walikataa, na ugonjwa ukaendelea.

Baadaye watafiti waliofanya kazi pamoja na wakulima hapa mashariki walionyesha njia nyepesi zaidi: kata mgomba mmoja ulio mgonjwa tu, usawa wa ardhi, mara unapouona. Choma panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga. Kazi hiyo inarudiwa kila juma, na ugonjwa unapungua hadi mkulima anaweza kuishi nao. Haihitaji pesa. Inahitaji mtu wa kuja kuonyesha, na majirani kukubali kuifanya kwa pamoja, kwa sababu nyuki hawajui mipaka ya mashamba.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA huko Mulungu, karibu na Kavumu, nacho kimeshiriki kutoa aina za maharagi yenye madini ya chuma na zinki kwa wingi, yanayosaidia watoto na kina mama wenye upungufu wa damu. Kazi hiyo inathibitisha kwamba elimu ipo. Kinachokosekana ni daraja kati ya kituo na kijiji. Maagronomu wa Serikali walioko vijijini wengi hawana pikipiki wala mafuta, na mshahara wao unachelewa au ni mdogo mno. Mkulima anaweza kumaliza miaka bila kumwona hata mmoja.

Na mvua si ile ya zamani. Zinachelewa, kisha zinashuka kwa nguvu juu ya milima ambayo miti yake imekatwa kwa ajili ya makaa. Mei 4, 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliangukia Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, yakaua zaidi ya watu 400. Mashamba ya kando ya mito yalifunikwa kwa mawe. Hakuna bima iliyowalipa.

Bariera moja, nyingine, na nyingine tena

Tuseme mkulima amepata shamba, amepanda, amevuna. Gunia limejaa. Sasa linapaswa kufika sokoni, na hapo ndipo fungu kubwa linapotoweka.

Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS kutoka Ubelgiji ilichapisha uchunguzi wa vizuizi barabarani katika Kivu mbili. Ilihesabu 798: 312 Kivu Kaskazini na 486 Kivu Kusini. Vingine vilikuwa vya wanajeshi na polisi, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya ofisi za Serikali na za machifu. Ramani ya wanaoshika silaha imebadilika tangu wakati huo, lakini desturi ya kumtoza anayepita inaendelea.

Kuna pia malipo yanayomfuata mkulima hadi nyumbani. Katika maeneo yaliyo chini ya makundi yenye silaha, wakaaji wanajua jetoni, kikaratasi kinachonunuliwa kila mwezi ili mtu aruhusiwe kwenda shambani bila kupigwa. Wanajua pia mchango unaoitwa lala salama. Asiyelipa anaweza kukamatwa, au kupelekwa kwa nguvu kwenye salongo ya kubeba mizigo na kuchimba mahandaki.

Wengine wanadhani bariera inamuumiza mfanyabiashara mwenye lori. Hesabu inakwenda vingine. Mnunuzi anayekuja kijijini anajua bei ya gunia huko Goma. Anatoa kwanza nauli, anatoa malipo ya kila bariera, anatoa hatari ya lori kukwama siku tatu kwenye matope, anatoa faida yake. Kinachobaki ndicho anachompa mkulima. Kwa njia hiyo, mama ambaye hajawahi kupita kwenye bariera hata moja ndiye anayezilipa zote. Na mama mwingine anayenunua kilo moja sokoni Birere au Kadutu anazilipa mara ya pili.

Barabara mbovu inafanya kazi ileile bila silaha. Nyanya zinaoza, kabichi zinachubuka, maziwa ya Masisi yanachacha. Huko Kivu Kaskazini, chukudu ya mbao na pikipiki ndizo zinazookoa mazao mahali ambapo gari haliwezi kufika, lakini kila kilo inayobebwa hivyo ina gharama kubwa. Ndiyo maana katika maduka ya miji yetu mchele uliovuka bahari na mayai yaliyotoka Uganda yanaweza kushindana na mazao ya kijiji kilicho karibu tu na mji.

Anauza wakati kila mtu anauza

Mkulima mdogo anauza mara tu baada ya kuvuna, wakati bei iko chini kabisa. Anajua kwamba baada ya miezi mitatu bei itapanda. Lakini karo ya shule inadaiwa, mtoto ni mgonjwa, deni la mbegu linamngoja, na maharagi yakikaa nyumbani yanaliwa na wadudu. Baadaye mama yuleyule ananunua maharagi kwa bei ya juu ili alishe watoto wake.

Benki hazikuwahi kumjali. Mkopo unadai dhamana, na dhamana inadai cheti cha ardhi ambacho hana. Benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wakulima wengi hawakupoteza akaunti, kwa sababu hawakuwa nayo. Walichopoteza ni wanunuzi wenye pesa mkononi. Biashara ililazimika kutegemea pesa za simu na noti zilizochakaa.

Wanawake wamejitengenezea njia. Likelemba na vikundi vya akiba na mikopo vya kijiji, vinavyojulikana kama AVEC, vinakusanya pesa ndogo kila juma na kumkopesha mwanachama wakati wa kupanda. Fedha ni kidogo, lakini zinarudi, kwa kuwa anayekopa anakopa kwa jirani zake.

Kuna njia nyingine ambayo wakulima wa Niger wameitumia tangu mwisho wa miaka ya 1990: kuweka mavuno kwenye depo ya pamoja yenye funguo mbili, moja ya wakulima na nyingine ya mkopeshaji. Gunia lenyewe linakuwa dhamana. Mkulima anapata mkopo wa kulipa karo, na mazao yanauzwa bei inapopanda. Njia hiyo inaweza kufaa Lubero au Walungu, ila kwa sharti moja: depo isiporwe.

Kahawa na kakao vinafundisha nini

Mwisho wa miaka ya 1980 Congo ilikuwa inauza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Vita, magonjwa ya mimea na kodi nyingi viliporomosha kiasi hicho. Kandokando ya Ziwa Kivu, wakulima walifikia kupakia kahawa kwenye mitumbwi usiku na kuvuka kwenda Rwanda kuiuza kwa magendo. Wengi walizama.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa upande wa Minova na Kalehe walianzisha kooperativi ya SOPACDI. Walijenga kituo cha kuosha kahawa, wakachagua punje nzuri, wakatafuta wanunuzi wa Ulaya na Amerika moja kwa moja. Kahawa ileile iliyokuwa ikivushwa gizani kwa bei ya kutupa ilianza kuuzwa kwa jina la Kivu. Walikuwemo wakulima wa makabila ambayo vita vilikuwa vimewagombanisha.

Huko Beni, kakao ilienea baada ya ugonjwa kuangamiza kahawa ya robusta. Bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, wengi walidhani umaskini umekwisha. Lakini bei kubwa iliwavuta wezi na wenye silaha mashambani, na wengine waliuawa wakivuna. Baadaye bei ikashuka. Zao lenye thamani linamletea mkulima utajiri ikiwa tu kuna anayelilinda shamba, na ikiwa wakulima wanauza pamoja.

Ahadi za Kinshasa

Mwaka 2003 huko Maputo, viongozi wa Afrika walikubaliana kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Congo haijafikia kiwango hicho. Sheria ya kilimo ya Desemba 24, 2011 iliahidi mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Rais Félix Tshisekedi naye amesema mara nyingi kwamba udongo utalipiza kisasi juu ya madini.

Pesa zilipotoka, hazikumfikia mwenye jembe. Bukanga-Lonzo, shamba kubwa la hekta 80,000 lililozinduliwa 2014 magharibi mwa nchi, lilikuja na matrekta na ahadi za kulisha Kinshasa. Lilikufa baada ya miaka michache. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Waziri Mkuu wa zamani Matata Ponyo Mapon miaka 10 ya kazi ngumu kwa ufujaji wa fedha za mradi huo, kosa ambalo yeye amelikana.

Trekta hailimi mteremko wa Kabare. Mkulima wa huko anahitaji mambo madogo yenye kumlinda: karatasi inayotambua haki yake ya ardhi hata kama ni mpangaji, mbegu nzuri kabla ya Septemba, agronomu mwenye pikipiki, barabara isiyo na bariera, depo yenye kufuli. Mashirika ya wakulima kama FOPAC, SYDIP na LOFEPACO yamekuwa yakitetea maslahi ya wakulima kwa miaka mingi huko Kivu Kaskazini.

Baadhi ya mambo hayo yanangoja amani. Mengine hayangoji. Chifu wa kijiji anaweza leo kuandika mbele ya mashahidi mkataba wa bwasa wa miaka mitano badala ya msimu mmoja. Viongozi wa jimbo, wawe wa upande gani, wanaweza kutangaza kwamba chakula hakitozwi barabarani, na kumwadhibu anayetoza. Majirani wanaweza kukata migomba yenye ugonjwa siku moja.

Vijana wanaangalia. Anayemwona mama yake akilima miezi minne na kurudi na pesa isiyotosha daftari za shule, anachagua pikipiki ya teksi mjini au shimo la koltani huko Rubaya. Wengi wao hawajakataa shamba lenyewe. Wamekataa kulima kwa ajili ya wengine. Siku gunia litakapofika sokoni na bei yake kurudi kijijini, watakuwepo wa kulipanda tena.